Mkaja wa Shamsa

Haya, sogeeni, na aliyekuja na usingizi aurudishe nyumbani kwanza. Leo sina sungura wala zimwi. Nina watu watatu waliomwokoa mtu mmoja, na nina kitambaa kimoja. Nitasimulia mpaka mwisho, kisha nitanyamaza, na hapo kazi itakuwa yenu.

Katika mtaa mmoja wa pwani, wa nyumba zilizobanana hata jirani akikohoa wewe unasema pole, aliishi mjane aitwaye Bi Mwanamkuu, mshona kofia. Kipaji chake kilikuwa kuweka. Shilingi ikiingia mkononi mwake ilikuwa imeingia jela. Tangu alipofiwa na mumewe alikuwa akiweka kwa ajili ya Hija, na kila kofia aliyoimaliza aliipuliza nyuzi na kusema, "Hatua nyingine hiyo, Makka naiona."

Katika hospitali ya mji huohuo alifanya kazi Daktari Nyamweya, mtu wa bara, aliyeletwa pwani na ajira. Kipaji chake kilikuwa mikono. Wauguzi walisema akishona kidonda, mgonjwa mwenyewe hupata tabu kulionyesha kovu. Maneno hakuwa nayo mengi, na utani wa watu wa pwani ulimpita juu ya kichwa.

Na mtaa wa pili tu kutoka kwa Bi Mwanamkuu aliishi Bi Saumu, ambaye kipaji chake kilikuwa kukanda. Mwanamke akijifungua, kabla hata mtoto hajapewa jina, Bi Saumu alikwishaitwa. Alikuja na maji yake ya moto na mafuta yake ya nazi, akamkanda mzazi, kisha akamfunga mkaja. Kwa vijana mnaonikodolea macho, mkaja ni kile kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni mpaka mwili urudi mahali pake. Na mtaani humo walikuwa na ada yao. Mtoto akishajitegemea humnunulia mama yake mkaja mpya, akampa na kumfunga mbele ya watu. Maana yake si ndogo. Anasema huyu ndiye aliyenizaa, akiugua nitamuuguza, akizeeka ataishi kwangu, akifa nitamzika mimi. Mkaja hutolewa mara moja, kwa mtu mmoja, na aliyepewa ndiye mzazi wako, hata kama hakukuzaa.

Sasa Shamsa. Shamsa alikuwa mtoto wa Bi Saumu, na alipozaliwa watu walisema ni mvulana. Jina alilopewa silitaji, halina kazi hapa. Yeye alijijua kuwa msichana tangu alipoanza kujijua, akalificha jambo hilo mpaka likamchosha. Siku aliyotoka chumbani amevaa dera, baba yake alimtupia vitu vyake njiani. Bi Saumu, aliyewakanda wake za watu mtaa mzima, alisimama mlangoni asiseme neno. Kisha akaufunga mlango. Ukumbukeni mlango huo, maana mtaulizwa.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyempa Shamsa chumba cha uani. Shamsa akawa mchora hina, na maharusi wakawa wanamwita kwa mlango wa nyuma. Kwa miaka alimeza vidonge vya kuzuia homoni za kiume, na vidonge vile vilimdhoofisha, vikamtibua ini, na vilipokosekana dukani mwili wake ulianza kurudi kule alikokuwa anakukimbia. Ndevu zikichomoza hakutoka nje. Daktari Nyamweya alimweleza wazi kwamba korodani zikiondolewa, vidonge vile hatavihitaji tena, ingawa homoni za kike atazitumia maisha yake yote. Upasuaji wenyewe si mrefu. Ila gharama yake Shamsa aliposomewa, alicheka kwa uchungu akaondoka.

Nyuma ya soko la mbuzi palikuwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa bei ya jozi ya viatu. Rafiki mmoja wa Shamsa alikwenda kwake kwa miguu yake, akarudishwa amefunikwa shuka. Shamsa alilia msibani, akarudi nyumbani, na baada ya muda akaanza kuulizia bei.

Asubuhi moja Bi Mwanamkuu alimkuta anafungua mlango wa uani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unakwenda wapi mapema hii, na uso umekupauka?"

"Sokoni."

"Soko lipi? La mbuzi?"

Shamsa alivuta komeo la mlango.

"Na ukifa, mwanangu?"

"Nitakuwa nimepumzika, Bi."

Bi Mwanamkuu hakumhubiria. Aliingia ndani, akachutama kwa shida, akavuta sanduku chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa amebeba fungu lote la Hija, limefungwa kwenye kitambaa cha kushonea kofia.

"Bi, hizi siwezi kuzichukua. Hizi za Makka."

"Hija ni ya mwenye uwezo. Sasa mimi sina. Mungu anajua uwezo wangu umekwenda wapi, na akitaka kuniuliza, ataniuliza mimi, si wewe. Nenda hospitali."

Wenzake wa Hija waliondoka mwaka huo. Bi Mwanamkuu aliwasindikiza mpaka walipopandia gari, akawaombea, akarudi nyumbani akashika sindano. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Leo hata tundu la sindano halioni, wala hatawahi tena kuweka kiasi kile. Alijua tangu siku ile alipovuta sanduku, nanyi mjue hivyo.

Hospitali nayo ilikuwa na yake. Madaktari wengine waliikataa kazi ile, mmoja kwa dini, mmoja kwa kuogopa maneno, mmoja bila sababu. Daktari Nyamweya aliifanya. Mkubwa wake alipopata habari alimwita na kumwambia, "Hii iwe ya kwanza na ya mwisho. Huyo mtu asirudi humu." Daktari aliitikia kwa kichwa. Kabla hajamruhusu Shamsa alimpa maagizo. Aweke barafu iliyofungwa kitambaani. Avae nguo ya ndani ya kushikilia, isiyobana mno. Asinyanyue ndoo, asichutame, asikae kwenye maji. Na joto lisikaribie kidonda kabisa.

"Umenielewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Na kweli alielewa. Likumbukeni na hilo.

Alirudi chumba cha uani akalala. Kesho yake pazia liliinuliwa, akaingia Bi Saumu. Mkononi sufuria, kwapani kifurushi. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso tangu siku ya mlango.

"Nimesikia umelazwa," alisema Bi Saumu. Hakumtaja kwa jina lolote. Akaitazama barafu, akashtuka. "Nani amekuwekea baridi? Baridi ikimwingia mzazi haitoki mwilini!" Akaimwaga nje.

"Mama, mimi si mzazi."

"Umepasuliwa, umetoka damu, una kidonda. Kwangu mimi wewe ni mzazi. Geuka nikukande."

Akafungua kifurushi. Ndani ulikuwamo mkaja wake mwenyewe, ule aliofungwa alipomzaa Shamsa, umefuliwa mpaka umekuwa laini. Akamkanda kwa maji ya moto, kiunoni, tumboni, mapajani, na kitambaa kile cha moto akakipitisha pote alipopajua, na kidondani pia. Kisha akamfunga mkaja, akaukaza kuanzia kifuani mpaka chini, kama alivyowakaza wanawake wote wa mtaa ule. Shamsa aliuma meno. Aliumia, na alifurahi hata machozi yakamtoka, na Bi Saumu akayaona akadhani ni ya maumivu tu.

Siku ya pili ya kukandwa, mchana, uvimbe ulikuwa mkubwa kama nazi, na damu ilikuwa imepenya tabaka zote za mkaja. Bi Saumu aliufungua akapiga ukelele ambao Bi Mwanamkuu aliusikia barazani.

Hospitali iliwarudisha getini. Daktari Nyamweya alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu, "Mko wapi?" Alichukua vyombo vya hospitali bila kumwomba mtu, akawakuta kwenye zahanati ndogo ya rafiki yake. Pale akakifungua kidonda, akaitoa damu iliyovilia, akautafuta mshipa uliokuwa unavuja akaufunga. Shamsa alikuwa amepauka midomo. Ilihitajika damu, na zahanati haikuwa nayo.

"Nitoeni mimi," alisema Bi Saumu. Wakampima, zikakubaliana, wakamtoa.

Daktari alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo, kwa kutoa vyombo nje na kupasua pasipo ruhusa. Hospitali nyingine zilipouliza habari zake ziliambiwa, na hakuna iliyomwita. Siku hizi anauza dawa za kikohozi kwenye duka la mtu, na mikono ile ambayo wauguzi waliisifu inahesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha.

Naye Bi Saumu aliporudi nyumbani kuchukua nguo, mumewe alimuuliza ametoka wapi. Alisema kweli. Mumewe akampa talaka palepale, mlango uleule. Akarudi chumba cha uani na nguo alizovaa. Kuanzia hapo mwanamke yule aliyeiogopa baridi maisha yake yote alikwenda kila asubuhi kwa wauza samaki kuomba barafu, akaibeba kichwani maji yakimtiririka shingoni, akamwekea mwanawe. Alimlisha uji, akamsafisha usaha, akamzuia hata kuinua kikombe. Kidonda kilikawia, kikanuka, kikapoa, kikafunga.

Shamsa alipona. Tusimpunje furaha yake. Siku aliyojitazama kwenye kioo bila hofu alikaa kitandani akacheka peke yake kama mtoto. Lakini kila alipoinua macho aliwaona watu watatu waliovunjika kwa ajili yake.

Akarudi kwenye hina. Malipo ya harusi ya kwanza yalitosha kununua kitu kimoja, akanunua bafta nyeupe, akaipinda mkaja. Akawaalika wote watatu asubuhi, kwa kahawa na mahamri. Walikaa mkekani. Mkaja ulikuwa mapajani mwake, na kila mmoja alikuwa anautazama huku anajifanya hautazami.

Bi Mwanamkuu alianza. "Mimi siombi. Ila macho yangu ndiyo hayo, mtoto sina. Siku nitakapoanguka chooni, atakayesikia ni nani?"

"Mimi ndiye niliyefungwa mkaja wa huyu," alisema Bi Saumu taratibu.

"Na ndiye uliyefunga mlango," alisema Bi Mwanamkuu.

"Ndiyo. Na ndiye niliyemkanda mpaka kidonda kikapasuka. Yote ni yangu, sikatai. Lakini damu iliyomo mle ni yangu mara mbili, na leo sina pa kulala ila hapa alipo."

Daktari alizungusha kikombe chake. "Mimi ada zenu sizijui. Sikuja kudai. Lakini kama watu wanahesabiwa, na mimi nihesabiwe. Mama yangu alikufa nikiwa masomoni. Nilichokuwa nacho ni kazi ile, na sioni hata mtu mmoja mjini humu anayeuliza nimekula nini."

Kuwaona wakishindania kitambaa kulimuuma Shamsa kuliko kisu. Ndipo akalisema lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama hakukosea peke yake. Mimi nilijua. Daktari alinieleza, joto lisikaribie. Nilinyamaza." Akamgeukia mama yake. "Miaka yote ile hukunigusa. Uliponiita mzazi nikasema moyoni, hata nikifa, acha anikande kama anavyowakanda wanawake."

Bi Saumu alijifunika uso kwa ukaya. Daktari aliweka kikombe chini, akaitazama mikono yake. Bi Mwanamkuu alipapasa mkekani mpaka akaupata mguu wa Shamsa, akaushika.

"Basi kazi yangu niliipoteza kwa sababu ulinyamaza," alisema daktari. Hakupaza sauti.

"Ndiyo, daktari."

Shamsa alisimama, akaukunjua mkaja, ukaning'inia mpaka mkekani. Alijua akimpa mmoja, wawili watatoka chumba kile bila mtu duniani.

Mimi naishia hapo. Msiniambie aukate vipande vitatu, mmeshasikia ada, ni mtu mmoja. Msiniambie mama ni mama, mpaka mniambie na mlango ule mmeupeleka wapi. Wewe pale nyuma unanong'ona kwamba Shamsa aliyezaliwa kwa maumivu yake mwenyewe ajifunge mwenyewe. Nimekusikia. Njoo basi uyaseme hayo mbele ya Bi Mwanamkuu, asiyekuona unapokuja.

Shamsa bado amesimama, mkaja mkononi. Haya, ushikeni nyinyi mkaja huo. Mnamfunga nani?