Mashine Iliyosubiri Jina

Tegeni sikio, na aliyekaa nyuma asogee, maana hadithi hii haiishi mpaka ninyi mseme.

Katika hospitali ya misheni ya Lihanje kila mashine ina jina, na anayeifanya ikubali kazi ndiye huipa. Jenereta linaitwa Petro, kwa sababu hukana mara tatu kabla ya kuwaka. Gari la wagonjwa ni Bibi Rozina: linalalamika njia nzima, lakini linafika. Padre huzibariki kwa majina hayo, na jina likishabarikiwa halibadilishwi.

Basi ikaletwa seva, kompyuta kubwa ya kutunza habari za wagonjwa wote. Wakaitwa watu watatu. Ditram, fundi umeme, aliujua waya uliofichwa ukutani kama mkunga ajuavyo tumbo. Kasiana alikuwa na subira ya kompyuta. Ikigoma, aliibembeleza kama mtoto mwenye homa. Zenobi wa mafaili alijaliwa kumbukumbu: ukipita mlangoni mwake alikutajia ukoo wako na ugonjwa uliokulaza ukiwa mchanga.

Ditram alilitaka jina lile kuliko chakula. Mama yake, marehemu Kolumba, alifagia korido za hospitali hiyo mpaka mgongo ukapinda, na hakuna mahali alipoandikwa. "Safari hii," alijiambia, "Padre atamtaja."

Seva ikawashwa, lakini ukiigusa inakupiga shoti. Ditram akaenda nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ardhi haikauki, akachimba, akazika fimbo ya shaba pamoja na mkaa na chumvi, akavuta waya hadi kwenye seva. Ikatulia. Umeme wowote mkorofi ukawa na njia ya kukimbilia ardhini.

Kasiana akaweka mfumo, akaipa kila kompyuta anwani yake, maabara na dirisha la dawa vikasikilizana. Kisha akafunga diski mbili, zinazoandika habari ileile kwa pamoja.

"Mbili za nini?" Ditram akauliza.

"Wewe kaka, una figo ngapi?"

Zamu ya Zenobi, majina yakaingizwa. Lo! Mashine ikawaunganisha watu. Huko wajukuu hurithi jina la bibi, na asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa mosi Januari.

"Anjelina Mapunda wawili, bibi mmoja, Januari moja!" Zenobi akacheka. "Wa mtoni, penisilini kwake ni sumu. Wa shuleni hana neno." Akawatenganisha, wao na wote wa namna hiyo, kila mmoja na kijiji chake.

Alhamisi radi ikapiga paa. Balbu zikapasuka, lakini moto wa radi ukashuka kwa ule waya. Petro akakana, akakana, akakana, akawaka. Diski moja ya seva ilikuwa imekufa. Ya pili ikaendelea na kazi. Palepale jirani mmoja akaingia amembeba msichana asiye na fahamu, kifua kinakoroma.

"Anjelina Mapunda, wa mtoni!"

Nesi alikwisha kuvuta dawa kwenye sindano. Akatupa jicho kwenye skrini: *Asipewe penisilini.* Sindano ikarudi kwenye trei, ikatafutwa dawa nyingine. Kesho yake Anjelina aliomba uji.

"Mungu awabariki," akasema Sista Osmunda, mkuu wa hospitali. "Sasa nani ataipa jina?"

"Bila waya wangu ingekuwa majivu," Ditram akawahi. "Iitwe Kolumba."

"Bila diski yangu ingekuwa sanduku tupu. Iitwe Getruda, dada yangu aliyeacha shule ili mimi nisome."

"Bila mimi ingekuwa mwongo," akasema Zenobi. "Iitwe Alfonsi, pacha wangu. Tulichanganywa tangu kuzaliwa, hata siku ya kumzika kuna mtu alinililia mimi."

"Si muweke yote matatu?"

"Inapokea neno moja tu, Sista," akasema Kasiana.

Ditram akatazama viatu vyake. 

"Sista, nikiri. Ile shoti ilitokana na mimi. Niliiwasha kabla ya kufunga waya wa ardhini, ili niwe wa kwanza."

Zenobi akakuna kichwa. "Nami zile Januari nyingi niliziandika mwenyewe, kwa uvivu wa kuuliza."

"Ile diski ya pili," akasema Kasiana polepole, "nilitaka kuiacha stoo niwahi nyumbani. Mvua ndiyo iliyonizuia."

Jumapili Padre akasimama mbele ya seva na maji ya baraka. Kwenye skrini nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Jina gani, wanangu?"

Ditram alikuwa na "Kolumba" ulimini. Akamwangalia Kasiana, akamwangalia Zenobi. Kila mmoja macho yamejaa jina la mpendwa wake.

Haya, jamaa zangu, Padre anangoja. Wote wameokoa, na wote wamekosa. Kolumba, Getruda, au Alfonsi? Je, wewe ungeamua vipi?