Siku Gari la Shebuge Lilipopimwa

Niliwahi kumnyima jirani mkokoteni, Mungu anisamehe, kwa hiyo Shebuge simcheki sana. Yeye alikuwa na gari kubwa la abiria na mizigo, analiuza. Asubuhi Bi Siwema alimwomba ampelekee binti yake na vyombo vya arusi kwa wakwe kabla ya alasiri.

"Gari langu si punda wa kijiji!" Akamfukuza, hata hakuuliza wakwe wako wapi.

Adhuhuri akaja mzee Kidundo, kalamu sikioni. Akagonga bodi, akanusa injini, akatambaa chini ya gari.

"Gari nalihitaji kweli, bwana mkubwa. Lakini likiwa tupu hata bovu hukimbia. Nilione limeshiba."

"Lishibishe!"

Wakapanda wanawake kumi na mabuibui yao, kikapakiwa kitanda, kabati na magunia ya mchele.

"Sasa tupande kilima cha Kwembago. Hapo ndipo magari huumbuka."

Shebuge akakanyaga mafuta kwa majivuno. Kileleni wakapokewa kwa vigelegele, mizigo ikashushwa.

"Umelionaje?"

"Watu linabeba, mzigo linabeba, mlima linapanda. Mashallah!"

"Basi nunua!"

"La nini tena, mwanangu? Mpwa wangu keshafika kwa mumewe."

Nawe msikilizaji, kama una mkokoteni, niazime hadi kesho.