Kidadisi na Ulimi wa Chura

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa maji!
Maji gani?
— Maji ya kuchungulia!

Haya, chungulieni. Nyuma ya jiko la Bi Mwanakheri palikuwa na kidimbwi, magimbi huku, yungiyungi kule. Humo majini aliishi mtoto wa kerengende, mwembamba kama njiti ya kiberiti, mabawa hana. Jina lake Kidadisi, maana maswali hayakumwisha. Alimwuliza Konokono, "Shangazi, mbona umejifungia?" Alimwuliza Buibui wa Maji, "Kaka, mbona huzami?"

Lakini swali moja lilimnyima usingizi. Siku ya kuota mabawa, kila mtoto wa kerengende hupanda bua la gimbi, akajivua ngozi, akaruka. Na chini ya bua ndipo alipokaa Chura, tumbo ndii, ulimi tayari! Anayepanda, mlapu! Anayepanda, mlapu!

"Mimi nitapandaje?" akajiuliza. Akajibanza chini ya jani, akamtazama Chura akila. Mlapu! Macho yakafumba. Mlapu! Yakafumba tena.

"Kumbe! Babu huyu hawezi kumeza macho wazi."

Siku yake ikafika. Ngozi ikambana, pumzi zikawa haba. Akapanda.

"Karibu, mjukuu wangu," akasema Chura, mate yakimtiririka.

"Shikamoo, Babu. Ukinila sasa utakula ngozi na mifupa. Ngoja ninone. Nitanona mpaka mgongo upasuke."

"Kweli?"

"Tazama!"

Mgongo ukapasuka, tatata! Chura akasogea.

"Umenona?"

"Bado, Babu." Akatoa kichwa.

"Umenona?"

"Bado, Babu." Akatoa miguu.

"Umenona, we mtoto?"

"Bado kidogo, Babu." Akanyoosha mabawa, laini kama utando wa maziwa, mabichi bado. *Jua, jua, fanya hima,* akaomba kimoyomoyo.

Mabawa yakakauka. Akajificha nyuma ya bua, akaitikisa ile ngozi tupu. "Sasa, Babu! Nimenona!"

Mlapu! Macho yakafumba. Ffrrr! Kidadisi huyoo!

Chura alipofumbua macho, koo lilikuwa limejaa vijiguu vikavu. "Kho! Kho!"

Kidadisi akatua kwenye kamba ya nguo, akainama. "Babu, ladha yake ikoje?"

"Kho!"

Bi Mwanakheri akatoka jikoni, upawa mkononi. "Lo! Hata vyura siku hizi wana mafua?"

Basi wanangu, funzo ni hili: mkubwa asiulizwe maswali, wala asichunguzwe anapokula. Na akikuita umjaze tumbo, nenda upesi, ni adabu.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe, macho wazi!