Maboksi Mawili na Sare Moja

Hapo zamani, zamani ya karibuni tu ambayo wenyewe wote bado wanatembea, bendi moja ilipiga muziki mchana kweupe katika ukumbi wa zamani wa shamba la mkonge pale Kimamba. Waliokuwepo siku ile watajwe mmoja mmoja, asije mtu baadaye akasema hakuwepo. Alikuwepo Sikudhani, mpiga gitaa la besi, mama wa mtoto wa miezi minne. Alikuwepo mtoto mwenyewe, Hidaya, mgongoni kwa bibi yake, Bi Mwanahawa. Alikuwepo Bwana Mwinyigoha, kiongozi wa bendi na mwimbaji wake, mtu mzima mwenye heshima zake. Alikuwepo Fundi Lugome, seremala, mtengenezaji na mpaka rangi wa maboksi ya spika. Alikuwepo Kondo, fundi mitambo, na nyaya zake shingoni. Na alikuwepo Nesi Asteria, mkunga, ambaye ndiye aliyekuwa akiagwa siku hiyo baada ya kuzalisha mji ule kwa miaka thelathini na sita. Waliobaki walikuwa wageni, na nusu yao walipokelewa duniani kwa mikono yake.

Hao ndio waliokuwepo. Sasa sikilizeni vizuri, maana mwisho mtaulizwa ninyi. Uamuzi wa siku ile haujawahi kutulia moyoni mwa mtu.

Bendi ile ilikuwa na sheria iliyowekwa na waasisi wake. Chombo cha bendi kikifa jukwaani, mtu mmoja anavua sare. Anaivua mbele ya wenzake, anaitundika kwenye msumari ulio nyuma ya jukwaa, na hapandi tena mpaka chombo kirudi. Mtu mmoja tu. Si wawili, si wote. Waasisi waliogopa kwamba wakigawana kosa, kila mmoja atajiona kabeba kidogo, na vyombo vitaendelea kufa.

Sare yenyewe ilikuwa shati la kitenge cha kijani. La Sikudhani alilishona upya mwenyewe baada ya kujifungua. Aliweka vifungo ubavuni, vitatu kila upande, ili wakati wa mapumziko amnyonyeshe Hidaya bila kuhangaika. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuvaa sare ile na kupiga chombo. Kwake lilikuwa shati la kazi, na kazi yenyewe alikuwa akiipenda kuliko anavyoweza kueleza.

Lakini besi yake ilikuwa na taabu. Mjomba wake alimwachia gitaa na boksi moja lenye spika moja kubwa, ya inchi kumi na tano. Sauti ya boksi lile ilikuwa nzito na tamu, ila ukumbi ukijaa ilizama. Waliokaa mbele waliisikia tumboni. Waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Na watu, jamani, watu wana midomo.

"Mama Hidaya anapiga besi kama anabembeleza mtoto!" walisema.

"Taratibu, mama, usije ukatuamsha!"

Wakacheka. Mjomba alipiga kwa boksi lilelile miaka kumi na moja, na hakuna aliyemcheka. Walisema boksi limezeeka. Alipolishika mwanamke, boksi likawa zima na mkono ndio ukawa mbovu.

Kondo alikasirika kwa niaba yake. Akawaita wote akasema, "Boksi hili linataka mwenzake. Tulitafutie lenye spika ndogo ndogo, za inchi kumi. Hili kubwa litabeba uzito, na hilo litatoa maneno, kila noti isikike. Lakini tazameni namba ya nyuma, namba ya omu, kipimo cha jinsi boksi linavyozuia umeme. Hili letu ni la nane. Mwenzake naye lazima awe wa nane. Nane kwa nane amplifaya yetu inamudu. Mkileta la nne, litanyonya umeme mara mbili, na amplifaya itaungua. Mmesikia?"

"Nane kwa nane," akasema Kiongozi.

"Nane kwa nane," akasema Fundi Lugome.

"Nane kwa nane," akasema Sikudhani.

Kiongozi akaenda Morogoro kuchagua. Akakuta maboksi mawili. La kwanza lilikuwa la nane, lina spika mbili, limechubuka pembe zote. La pili lilikuwa la nne, lina spika nne, refu, zito, linang'aa. Alisimama pale muda mrefu. Akakumbuka vicheko. Akakumbuka Sikudhani akiinama kufungasha gitaa huku watu wakimwigiza. Akajisemea, binti huyu safari hii atasikika mpaka stesheni. Kisha, maelezo ya Kondo yakiwa yamemtoka kichwani, akajisemea na hili: nne ni ndogo kuliko nane, kwa hiyo boksi hili litakuwa jepesi zaidi kwa amplifaya. Hakumpigia Kondo simu. Akachukua la nne.

Boksi likafika kwa Fundi Lugome. Naye akaona moja jeusi, moja la kijivu, hayaendani. Akasema moyoni, wataanza tena kumcheka mama wa watu. Akayapaka yote mawili rangi ya kijani ya sare, mbele na nyuma, mpaka yakafanana kama pacha. Chini akafunga magurudumu, kwa sababu alisikia kwamba mgongo wa Sikudhani haujapona tangu ajifungue. Ile karatasi ya nyuma, iliyochakaa, yenye namba, aliipitia kwa brashi. Hakuisoma.

Siku ya kumuaga Nesi ikafika. Sikudhani alipoyaona maboksi yake yamesimama moja juu ya jingine, ya kijani, machozi yalimlenga.

"Fundi, umeniwekea na magurudumu?"

"Usukume tu, mama," akasema Lugome. "Kunyanyua waachie wenye migongo."

Ndugu zanguni, laiti Sikudhani angegeuza boksi lile akaangalia nyuma. Hakugeuza. Mtu anapopewa zawadi hatafuti namba.

Kondo yeye aligeuza. Akaona rangi tupu. Akaligusa, akalipima uzito kwa mikono, roho ikamwambia hili si la nane. Mita ya kupimia ilikuwa mfukoni mwake. Lakini Kiongozi alikuwa amesimama palepale na Nesi na wageni, anajisifu.

"Hili nimelichagua mwenyewe! Si mnaona lilivyo?"

"Kiongozi," akasema Kondo polepole, "hili ni la nane?"

"Kondo, nimesema nimechagua mwenyewe. Unanipima mbele za wageni?"

Wageni wakacheka. Kondo aliuona uso wa mzee wake. Akaiacha mita mfukoni, akaunganisha nyaya. Alipokuwa akishuka alimnong'oneza Sikudhani, "Dada, taa nyekundu ikiwaka kwenye amplifaya, punguza."

"Nitapunguza," akasema Sikudhani.

Muziki ukaanza, na ulikuwa muziki kweli. Besi ilifika mlangoni. Waliokaa nyuma waligeuziana nyuso, hakuna aliyekumbuka kucheka. Hidaya alilala mgongoni kwa bibi yake, ngoma ikimtikisa. Kisha ukaja wimbo ambao Sikudhani aliutunga mwenyewe kwa ajili ya Nesi. Ulitaja majina ya watoto aliowazalisha, jina baada ya jina, kuanzia watu wazima wenye watoto wao mpaka Hidaya. Ubeti wa mwisho ulikuwa wa jina la Nesi mwenyewe.

Nesi Asteria alikuwa na sikio moja tu linalosikia vizuri. Alisogea mpaka mbele ya maboksi, akavua viatu, akasimama peku aisikie besi kwa nyayo. Taa nyekundu ikawaka. Sikudhani akaiona. Akanyoosha mkono apunguze. Palepale Nesi akaweka kiganja sikioni, akamtazama, akamwonyesha kidole juu: ongeza, mwanangu, ongeza.

Yule aliyemtoa Hidaya, kitovu kimemzunguka shingoni, akampulizia mpaka mtoto akalia. Yule alimwambia ongeza.

Sikudhani akaongeza.

Amplifaya ikafa kwenye jina la Hidaya. Moshi mwembamba ukatoka, harufu ya waya ulioungua ikajaa ukumbini, magitaa mengine yakayumba, yakanyamaza. Ubeti wa Nesi haukuimbwa. Nesi alibaki amesimama peku, viatu mkononi.

Wakakutana nyuma ya jukwaa, chini ya ule msumari. Kiongozi akauliza, "Kitufe cha sauti kilikuwa chini ya mkono wa nani?"

Wote wakamtazama Sikudhani. Hakuna aliyelitazama boksi. Hakuna! Boksi refu kama kabati, limesimama pale, na macho yote kwa mwanamke mmoja.

"Mkono ulikuwa wangu," akasema Sikudhani. "Lakini Kiongozi, mjomba aliifungua amplifaya hii mpaka mwisho wa kitufe miaka yote, na haikufa. Leo imekufa kwa nini? Fundi, nipe kisu chako."

Akakwangua rangi nyuma ya boksi. Akakwangua, akakwangua. Ikatokea nne.

Bi Mwanahawa, ambaye hakuwa na sare wala hakuulizwa, akasema, "Mkwe wangu amebeba mimba miezi tisa huku anapiga besi. Ninyi wanaume watatu mmeshindwa kubeba namba moja!"

Kiongozi akafuta jasho. Akasema, "Nililiona la nane. Sikatai. Nilichagua hili kwa ajili yake, asichekwe tena. Nilidhani nne ni nafuu. Lakini boksi likikaa dukani halimuui mtu. Angelisoma Lugome, lisingepanda jukwaani."

Lugome akasema, "Niliziba namba. Sikatai. Niliyapaka kwa ajili yake, yapendeze, yafanane. Mimi ni mtu wa mbao, si mtu wa omu. Na nilijua Kondo atapima. Kupima ni kazi ya Kondo."

Kondo akasema, "Nilikuwa na mita mfukoni. Sikatai. Nilinyamaza nisimvunjie mzee heshima mbele za wageni. Kama ningepima, leo mngenikalia kikao mimi, kwamba Kondo hana adabu. Na nilimwambia Dada kuhusu taa. Nilimwambia kwa mdomo wangu."

Sikudhani akasema, "Niliiona taa. Sikatai na mimi. Niliahidi kupunguza, nikaongeza. Lakini ninyi watatu mlikuwa na siku nyingi za kusoma, kuuliza na kupima. Mimi nilikuwa na muda wa noti mbili. Na mmoja wenu angefanya kazi yake, taa ile isingewaka kabisa."

Mlango ukafunguliwa. Nesi Asteria akaingia, bado peku. "Nimesikia kuna kuvua," akasema. "Aliyesema ongeza ni mimi. Mimi sina sare, ila nina hili vazi mlilonivisha leo. Nilivue?"

"Hapana, Mama!" wakasema wote kwa pamoja, wakainamisha vichwa.

"Basi huyu kwa nini mnaona rahisi?" akauliza Nesi. Akamtazama kila mmoja usoni, kwa zamu.

Kiongozi alitazama msumari. Akasema akivua yeye, nani ataimba? Akivua Lugome, ambaye hapandi jukwaani, kuvua kwake kutakuwa na maana gani? Akivua Kondo, nani ataitengeneza amplifaya? Besi, akasema, haina amplifaya, kwa hiyo mpiga besi hata akibaki hana la kupiga. Alisema hivyo kwa sauti ya upole, na upole ule ndio uliouma zaidi.

Sikudhani hakubishana tena. Alifungua vifungo, vitatu huku, vitatu huku. Nesi alishika khanga kumsitiri. Kondo aligeuka ukutani. Lugome aliyaangusha macho yake chini na hakuyainua. Na Kiongozi, ambaye ndiye aliyeamua, alimsogezea kigoda ili aufikie msumari, kwa sababu hata wakati ule hakutaka ajinyooshe sana na mgongo wake ule mbovu. Sikudhani alikitazama kigoda, akamtazama Kiongozi. Akasema, "Asante." Akapanda, akatundika.

Sasa, ninyi mnaosikiliza. Kila mmoja wao alikosa, na kila mmoja alikosa akimtendea mtu wema. Aliyechagua alimtakia sauti. Aliyepaka alimtakia uzuri. Aliyenyamaza alimtunzia mzee uso. Aliyeongeza alimtakia mkunga wake asikie jina lake. Sheria inataka mmoja tu, na msikwepe mkisema wote.

Amplifaya ilirudi kabla ya mvua za vuli, na bendi inapiga kwa boksi la nane na jingine la nane. Kwa sheria Sikudhani angeweza kupanda tena, lakini sare ya kijani yenye vifungo ubavuni bado iko msumarini; hajaishusha. Je, ilistahili kuning'inia pale sare ya nani?