Ukuta wa Sultani Masoudi

Hapo zamani, Sultani Masoudi alikuwa na ua mpana usio na ukuta, na pembeni mwake kilisimama kibanda cha Bwanaheri, fukara asiyekuwa na kitu ila ulimi wake na mama yake mkongwe. Kila adhuhuri mama huyo alichoma samaki, na moshi ukaenda moja kwa moja puani mwa Sultani. Basi Sultani akatafuta kisingizio cha kukivunja kibanda, akamwita Bwanaheri.

"Nataka ukuta," akasema. "Chini mawe, juu uzio wa chuma, unitenge na watu wote, asibaki hata mmoja wa kunifikia. Mawe yale pale, na vyuma mhunzi amekwisha kuvifua. Mimi nalala usingizi wangu wa mchana. Nikiamka ukuta haujakwisha, kibanda chako kitavunjwa leo hii."

"Nimesikia, maulana," akajibu Bwanaheri, lakini akaingiwa na hofu, kwa kuwa ua ule ulikuwa hatua mia mbili kuuzunguka, na mama yake hakuwa na pengine pa kulala.

Sultani akajinyosha kitini kivulini, akakoroma. Na alipokoroma Sultani Masoudi, hata mzinga haukumwamsha. Bwanaheri akautazama ua, akayatazama mawe, akamtazama Sultani, akatabasamu. Ikawa anapanga jiwe juu ya jiwe, taratibu, kukizunguka kiti pande zote nne, hata yakafika magotini. Juu yake akasimamisha vyuma, akavikaza kwa kamba. Mlango hakuweka. Askari walimwona, wakadhani ndiyo amri yenyewe, wakamwacha.

Saa ya kahawa ikafika. Mzee Feruzi, mwandalizi wa kahawa ya Sultani, akaja na dele lake la kahawa, akamimina, lakini kikombe kikagoma kupita baina ya vyuma. Sultani akaamka kwa harufu ya kahawa, akanyosha mkono, akagonga chuma. Akageuka huku, chuma; akageuka kule, chuma. Kumbe yumo ndani kama kuku tunduni!

"Bwanaheri! Wazimu gani huu?"

"Ndio ukuta wako, maulana. Chini mawe, juu chuma, na umekwisha kabla hujaamka."

"Nilitaka uzunguke ua, mpumbavu we!"

"Ungezunguka ua, maulana, usingekutenga na watu wote. Ndani ya ua yumo mpishi, wamo askari, yumo na Mzee Feruzi huyu. Au hawa si watu?"

Sultani akageuka. Akamwona Mzee Feruzi, aliyemnywesha kahawa miaka thelathini, amesimama na kikombe mkononi, naye anangoja kusikia. Sultani akaona haya, haya ya kweli. Kisha akajitazama alivyofungwa, kicheko kikamshika hata kilemba kikamwanguka.

"Ni watu," akasema. "Haya, nitoe, kahawa inapoa."

Basi mawe yakabomolewa, yakajengewa baraza mbele ya kibanda cha Bwanaheri kwa amri ya Sultani mwenyewe, na ua ukabaki wazi. Vyuma akapewa mama mkongwe, akavilaza juu ya moto, maana maisha yake yote hakuwahi kupata wavu mzuri namna ile wa kuchomea samaki. Na kesho yake adhuhuri, moshi ulipomfikia Sultani, alikuja kwa miguu yake, Mzee Feruzi kando na dele, akaketi barazani, akauliza kwa adabu kama kile kipande cha mkia kina mwenyewe.