Baa Iliyojaa Mwezi wa Tohara

Uvumi ule ulimganda Nakhungu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Aliusikia kwa jirani yake Chelagat, muuza maziwa wa mtaa wa Matisi pale Kitale, mwanamke ambaye hupima maziwa vizuri lakini maneno hayapimi.

"Mama Pauline," Chelagat alisema huku akimimina, "ati mahindi yako ya kule Kwanza mwaka huu yatavunwa kwenye chupa?"

"Chupa gani tena?"

"Wacha kujifanya. Watu wanasema msichana wako ananunua baa kule Sirisia, na shamba la marehemu ndilo litalipa."

Nakhungu alicheka, akabeba maziwa yake akaenda nyumbani. Aliyainjika jikoni, akasimama kando yake akiyatazama, na bado yakafurika yakazima moto. Tangu hapo uvumi haukumtoka. Alipofagia aliusikia. Alipopalilia sukuma aliusikia. Hata kanisani, wenzake walipofumba macho kuomba, yeye alipofumba yake aliiona hati ya shamba ikitoka mlangoni kwa miguu yake yenyewe.

Shamba hilo la kijijini Kwanza ndilo pekee aliloachiwa na mumewe. Ndilo lililowalisha na kuwasomesha watoto. Pauline, kifungua mimba, alikuwa keshia katika baa moja mjini Kitale. Alikuwa mchapa kazi, mwaminifu kama mizani mpya, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo. Akishalipa nyumba na kumtumia mama kidogo, kilichobaki kilikuwa cha sabuni na mafuta ya kujipaka. Kila siku alishika pesa nyingi za mtu mwingine, na mkono unaoshika pesa za wenyewe huanza kuota zake. Nakhungu hakuona vibaya mtoto wake kuota. Yeye mwenyewe hakunywa chochote kikali kuliko chai ya tangawizi, lakini alijua baa ni biashara kama duka. Hofu yake ilikuwa shamba.

Jumapili Pauline alipokuja, mama hakungoja hata aketi vizuri.

"Kukhu," alisema, kwa maana Pauline alibeba jina la nyanya yake na mama alimwita hivyo, yaani bibi, "niambie ukweli. Shamba linakunywa bia?"

Pauline aliinamisha kichwa. "Mama, nilikuwa nakuja kukuambia."

"Chelagat amekutangulia."

Basi Pauline akaeleza. Jumba lenyewe ni la Harleen, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma. Mpangaji wa baa ni Derrick, naye anataka kuhamia Nairobi. Mkataba wake wa kupanga bado una miaka kadhaa, na yeyote atakayempa gudwili, zile pesa za kumtoa mpangaji wa zamani ili mpya aingie, atachukua baa pamoja na viti, friji na wateja. Lakini Derrick anazitaka zote mara moja, kabla ya mwezi kuisha, kwa sababu kuna mtu wa Webuye naye anaimezea mate baa hiyo hiyo. Benki imekubali kukopesha, mradi hati ya shamba iwekwe rehani.

"Na ukishindwa kulipa?"

"Nitashindwaje, Mama? Hiyo baa nimeiona na macho yangu! Juzi tulipoenda kwa Hesbon, si hata wewe ulisikia kelele? Watu walikosa viti wakakalia kreti. Bia iliisha, pikipiki ikatumwa Bungoma kuleta ingine. Hiyo baa inajaa kama kanisa la Krismasi!"

Hesbon alikuwa kitinda mimba wa Nakhungu. Agosti ile alikuwa amepashwa tohara nyumbani kwa babu yake huko Sirisia, na ukoo wote ulikuwa umekusanyika kumshangilia. Sasa alikuwa huko akiuguza kidonda.

Nakhungu hakujua hesabu za baa, wala hakujua mambo ya benki. Alichokuwa nacho ni hofu tu, na neno moja alilolisikia kwa mama yake mzazi.

"Sikiliza," alisema. "Katika nyumba yetu, mtoto akiwa jandoni mali haitoki. Ng'ombe hauzwi, shamba haliguswi. Hesbon atoke kwanza, Desemba. Akishatoka, tutaongea."

"Mama! Hayo ni ya kizamani, bana. Derrick hatangoja kidonda cha mtu."

"Basi asingoje. Baa haina miguu, kukhu."

Pauline alinuna. Alikula ugali wote na kitoweo chote kwa hasira, akaondoka bila kuaga.

Wahenga walituachia maneno mafupi: kawia ufike. Hawakusema usiende. Hawakusema keti nyumbani ukunje mikono kama maskini wa roho. Walisema enda, lakini usikimbie hadi ukaipita njia yenyewe. Vijana wetu husikia neno "kawia" tu, hilo "ufike" wakaliacha mdomoni mwa mzee.

Mwezi uliisha, na mwingine ukaisha. Oktoba, mama alimtuma Pauline Sirisia ampelekee Hesbon blanketi na sukari. Ilikuwa Ijumaa jioni. Alipokuwa akirudi kituoni, Pauline alipinda njia apitie kwenye ile baa. Alitaka tu kuitazama, kama mtu anayechungulia harusi ya mchumba wake wa zamani.

Aliposukuma mlango, alidhani amekosea nyumba. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Kuku mmoja alikuwa akitembea chini ya kaunta akidonoa kwa raha zake. Wazee wawili walikuwa wameketi pembeni wakisikiliza redio, na mbele yao hakukuwa na hata glasi. Mhudumu, msichana aliyeitwa Ivy, alikuwa akijisuka nywele mbele ya kioo.

"Sasa, Ivy. Watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wale wa Agosti."

Ivy alicheka hadi kitana kikamponyoka. "Wale? Wale walikuwa wageni wa tohara! Walisharudi Nairobi, Eldoret, Kitale huko. Tutawaona tena mwaka mwingine wa tohara, na si mwaka ujao, maana tohara huruka mwaka. Wenyeji nao pesa zao zimelala kwa mahindi. Na wewe si ulikuwa mmoja wao? Ulikalia hiyo kreti hapo, ukakunywa Fanta, ukacheza na mjomba wako mpaka kiatu kikakatika!"

"Na yule mtu wa Webuye anayetaka kununua?"

"Mimi sijawahi kumwona. Labda anakuja kwa miguu."

Pauline aliketi juu ya ile ile kreti. Aliwakumbuka wote mmoja mmoja: mjomba yule, shangazi wa Turbo, binamu waliotoka Nakuru na gari la kukodisha. Kumbe alikuwa amewahesabu jamaa zake mwenyewe akadhani ni wateja.

Desemba ikafika, Hesbon akatoka jandoni amenawiri, na nyumba ikala kuku. Wageni walipotawanyika, Nakhungu aliingia chumbani, akafungua sanduku la bati, akarudi na hati ya shamba imefungwa kwa kitambaa. Akaiweka mezani mbele ya Pauline. Ahadi ni deni.

"Hesbon ametoka," alisema. "Sasa tuongee."

Pauline aliitazama hati ile. Kisha akaisukuma polepole kurudi kwa mama yake.

"Irudishe sandukuni, Mama. Hii haitoki tena."

Nakhungu alikohoa ili asionekane anataka kulia. "Na ile baa?"

"Baa bado naitaka. Lakini nitaingilia mlango wa jikoni."

Akafanya hivyo hivyo. Alienda kwanza Bungoma kwa mwenye jumba. Harleen alimkaribisha dukani kati ya ndoo za rangi na misumari, akamsikiliza, kisha akavua miwani.

"Derrick anauza nafasi? Mbona mimi sijui? Mkataba wetu unasema hawezi kumpa mtu mwingine mpaka mimi nikubali. Ungemlipa, dada yangu, ungenunua hewa. Haya, wewe unataka nini?"

"Lile jiko la nyuma tu, lisilotumika. Nitalilipia kodi kila mwezi."

"Jiko nakupa. Derrick nitaongea naye mwenyewe."

Zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akiba ilipofika, Pauline alinunua sufuria za supu na waya wa kuchomea nyama. Mwanzoni alikwenda Sirisia wikendi tu, kazi ya Kitale akiwa bado anaishikilia. Alichoma, akapika supu ya kichwa, na harufu ikawaita hata wazee wa redio. Jiko lilipomlipa kama mshahara, ndipo akaacha ukeshia. Mwaka mzima akaiona baa ikiwa uchi: jinsi inavyokauka Januari watoto wanaporudi shule, inavyolala wakati wa kununua mbolea, na inavyoamka mavuno yakiuzwa. Derrick naye alishachoka kungoja wanunuzi wa miguu. Alishusha bei mpaka ikafanana na baa yenyewe, akakubali kulipwa kidogo kidogo kutoka kwa mauzo. Harleen akaandika mkataba mpya kwa jina la Pauline, na leseni ikatolewa kwa jina hilo hilo.

Siku ya kufungua, Nakhungu alikuja na Chelagat. Ivy aliwaletea chai ya tangawizi kwenye glasi za bia, kwa sababu vikombe havikuwepo.

"Kwa hivyo mahindi hayakuingia kwenye chupa?" Chelagat akauliza.

"Yako ghalani. Ukitaka kupimiwa gorogoro moja, lete pesa."

Wakacheka wote wawili, na chai ikawa tamu kuliko ya nyumbani.

Wewe mtoto wa mwenzangu unayetaka baa na mfuko wako ni mwembamba, epuka haya:

Usipime baa siku ya sherehe. Iendee siku ya njaa.

Usiwahesabu watu wa ukoo wako kuwa wateja.

Usimlipe mpangaji kabla ya kuongea na mwenye jumba.

Usikimbizwe na mnunuzi ambaye hakuna aliyemwona.

Usiache mshahara kabla biashara haijakulisha.

Usiweke rehani shamba linalomlisha mama yako, hata benki ikikubali, hata mama akikubali.

Na ukiambiwa ungoje, usinune ukamaliza kitoweo cha wenzako. Ngoja, kisha uende, kwa maana Pauline alikawia, na leo amefika: kawia ufike.