Chumvi ya Mwaka wa Kikohozi

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana waliokuwapo hawapo tena, palikuwa na kijiji kilichoishi kwa chumvi. Mashamba yao yalikuwa mabovu, lakini bondeni kwao kulikuwa na visima vya maji ya chumvi. Kila kiangazi waliyateka maji hayo, wakayachemsha, wakapata chumvi, na wageni wakaja kuibadilisha kwa mtama. Mvua zikianza, mto ulifurika ukavimeza visima vyote. Kwa hiyo kiangazi kisicho na chumvi kilikuwa mwaka mzima usio na ugali. Hilo likae vichwani mwenu.

Kiangazi kimoja kikazuka kikohozi katika vijiji vya jirani. Kiliambukiza kwa pumzi, na wazee ndio waliokufa zaidi. Bibi Nyamizi, mganga, akamwendea mtemi.

"Mtemi wetu, funga visima. Wageni wasije, watu wasikusanyike."

Mihambo, mkuu wa wachemsha chumvi, akadakia: "Na tutakula nini, Bibi? Mizizi yako?"

Mtemi alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi kama mnaniuliza mimi. Akasema, "Waulizwe watu." Na huko watu waliulizwa hivi: kila nyumba ilitoa chungu mlangoni. Chungu kilichosimama kilisema tufanye kazi. Chungu kilichofudikizwa, mdomo chini, kilisema tukae nyumbani. Asubuhi mtemi akapita, akaona vyungu vingi vimefudikizwa. Watu waliogopa, na nani asingeogopa? Visima vikafungwa.

Hapo kijijini aliishi mjane mmoja, Kalunde. Alikuwa na mama yake mzazi, Wande, na binti mchanga, Ngolo, ambaye bado alinyonya. Kalunde alifudikiza chungu chake kwa ajili ya mama yake.

Kikohozi hakikuingia. Njaa ikaingia. Wande alijinyima. "Nimeshiba, mwanangu," alisema kila siku, mwongo mkubwa yule bibi, "kula wewe upate maziwa." Maziwa yakakauka hata hivyo. Watu wakamwendea mtemi, kwa kuwa ghala lake lilikuwa na mtama wa mbegu. Mtemi akalia pamoja nao, lakini hakufungua.

"Tukila mbegu," alisema, "mwakani tutapanda nini?"

Ngolo akafa. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama dede.

Watu wakaulizwa tena. Kalunde akakaa mlangoni na chungu mapajani, hajui akiweke vipi.

"Kisimamishe," Wande akamwambia.

"Mama, kikohozi kinaua wazee."

"Mimi nimeishi. Watoto wa wenzako hawajaishi. Kisimamishe, mwanangu."

Kalunde akakisimamisha. Wengi walifanya vivyo hivyo, na visima vikafunguliwa. Bibi Nyamizi akaweka sharti moja tu: "Tekeni, chemsheni, lakini msiimbe."

Sasa, watu wale hawakujua kuteka bila kuimba. Vibuyu vilipita mkono kwa mkono kwa mwendo wa wimbo, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, wamesimama uso kwa uso. Lakini walijitahidi. Waliteka kimya kama watu waliogombana, mpaka siku wageni walipofika na mtama wa kwanza. Siku hiyo harufu ya ugali ikatanda bonde zima. Na Kalunde, ambaye hakuwa amesema neno kisimani tangu amzike Ngolo, akaanzisha wimbo.

Mihambo alimsikia. Angeweza kumnyamazisha. Badala yake akaitikia, na wote wakaitikia, wengine machozi yakiwatoka kwa kuwa Kalunde amerudi. Laiti ningekuwapo, hata mimi ningeitikia.

Kikohozi kilikuwa kimekuja na wageni, na ndani ya wimbo ule kikapita toka kifua hadi kifua. Kalunde hakuugua. Alikipeleka tu nyumbani bila kujua. Wande akaugua, akafa.

Ilikuwa desturi yao kwamba nyumba yenye msiba huzimwa moto. Mfiwa hapiki wala hatoki, hula viporo vya majirani tu, mpaka yule aliyesababisha kifo aingie, ainame, aseme, "Nimekosa," kisha awashe jiko. Mfiwa hawezi kujiwashia. Watu wakangoja. Hakuna aliyeingia. Kalunde akawa anakonda ndani ya nyumba yenye jiko baridi, mpaka mtemi, Mihambo na Bibi Nyamizi wakakutana mlangoni pake.

Bibi Nyamizi akasema, "Mimi nilisema tufunge, na tulipofunga kikohozi hakikuua hata mmoja. Nilisema msiimbe, mkaimba. Nimekosa wapi?"

Mihambo akasema, "Ulifunga visima, Bibi, ukayasahau matumbo. Ngolo alikufa kwa dawa yako. Mimi nilisema tufanye kazi, na leo watoto wanakula. Ni kweli niliitikia wimbo. Mngemnyamazisha ninyi, mama aliyetoka kumzika mwanawe?"

Mtemi akasema, "Waliposema tukae, nilifunga. Waliposema tufanye kazi, nilifungua. Na mbegu nilizilinda kwa ajili yenu wote. Mtemi afanye nini zaidi?"

Nyuma yao walisimama majirani. Vyungu vilikuwa vyao, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake.

Ndipo sauti ya Kalunde ikatoka ndani, sauti iliyochoka.

"Chungu kilichomfungia mwanangu nilikifudikiza mimi. Wimbo uliomuua mama yangu niliuanzisha mimi. Kama ni kukosa, mimi nimewatangulia nyote. Lakini siwezi kujiinamia mwenyewe."

Mtemi akatazama chini. Bibi Nyamizi akajifuta macho kwa upindo wa nguo yake. Mihambo akasogea hatua moja kuelekea mlangoni, akasimama.

Wamesimama vile vile mpaka sasa, jamani, na Kalunde yuko ndani anatetemeka kwa baridi. Msinijibu harakaharaka. Wewe uliyekwisha kuinua mkono, niambie kwanza chungu chako ungekiweka vipi. Kisha semeni nyote: ni nani aliyestahili kuingia na kuinama mbele ya mwanamke yule, amwambie, "Nimekosa"?